Mgeni Mjini: Ngoma, Matembezi na Afya ya Mama

(Muziki wa gitaa wa kufungua. Unashuka pole pole. Msimulizi anaanza.)

   Kama una mtoto wa kunyonyesha, keti vizuri, mpe titi, tuzungumze. Kama uko jikoni, punguza moto, chakula kisiungue kwa sababu yetu.

Leo nazungumza hasa na wewe uliyehamia mjini juzi juzi. Umeshuka kwenye basi ukiwa na mtoto mgongoni, mfuko wa nguo na ndoo ya vyombo. Umeonyeshwa chumba kimoja kwenye ghorofa ya nne. Baba watoto anatoka alfajiri na kurudi usiku. Majirani wanapita na kufunga milango yao. Kule nyumbani ukikohoa mara mbili, mama mkwe anauliza kama umekunywa dawa. Hapa wiki nzima inaweza kupita bila mtu yeyote kulitaja jina lako. Mtoto aliyezoea kukimbia uwanjani sasa analia siku kutwa. Nawe umeanza kukosa usingizi, chakula hakishuki, na machozi yako karibu.

Watu watakuambia, "Utazoea." Ni kweli, lakini mtu hazoei kwa kukaa ndani akingoja. Wale waliotutangulia mjini walikuwa na njia zao za kuzoea, na njia mbili kati ya hizo hazikuhitaji pesa nyingi. Ya kwanza ni muziki wa mahali hapo. Ya pili ni kutoka nje na kuushughulisha mwili. Leo nitakusimulia historia yao, kisha tuone wataalamu wa afya wa siku hizi wanasemaje.

MJI WA WATU WALIOTOKA KWINGINE

Tuanze na Nairobi. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilifika mahali hapa mwezi wa Mei 1899. Palikuwa na mto, kinamasi na malisho ya Wamaasai, na jina lenyewe latokana na maneno yao yenye maana ya maji baridi. Kambi ya reli ikawa mji. Wakaja Wahindi wa reli na maduka, Waswahili wa pwani waliokuwa wapagazi, askari Wanubi waliokaa Kibra, na vijana kutoka milimani, maziwani na ukambani waliotafuta kazi ya mshahara. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilikuta watu wapatao 509,000. Ile ya mwaka 2019 ilikuta karibu milioni 4.4. Kwa hiyo, mama, ukijiona mgeni Nairobi, jua ya kuwa karibu kila unayempita barabarani ana mzazi, babu au nyanya aliyefika hapo na mzigo kichwani.

Lakini mji huo haukujengwa ili Mwafrika ajione mwenyeji. Kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande shingoni ili aonyeshe ameajiriwa na nani. Vyumba vya wafanyakazi vilikuwa vya kulala wanaume peke yao. Serikali ya kikoloni ilitaka mwanamume afanye kazi mjini, naye mke na watoto wabaki mashambani. Mama aliyekuja mjini alikuja bila kupangiwa mahali.

Hata hivyo walikuja. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wanawake wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe huko na waliwapangishia vyumba wageni wengine. Mwaka 1926 ikaanzishwa huko huko hospitali ya uzazi, ambayo leo ndiyo Hospitali ya Pumwani. Wengi wanaotusikiliza sasa walizaliwa hapo. Swali ni hili: mama wa siku zile, mbali na dada zake na mama yake, alipata wapi watu wa kumwita jina?

LELEMAMA NA BENI

Jibu moja lilitoka pwani. Mombasa ni mji wa zamani kuliko Nairobi kwa mamia ya miaka, na umepokea wageni tangu zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, mji ule ulikuwa na waungwana, mafundi, wafanyakazi wa bandari, na watu wengi waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Hao wa mwisho walikuwa wametolewa kwao kwa nguvu, na wengine hawakujua hata jina la kijiji walichozaliwa. Utumwa ulipigwa marufuku na sheria Mombasa mwaka 1907. Lakini sheria inaweza kumpa mtu uhuru bila kumpa jamaa.

Hapo ndipo ngoma ilipofanya kazi yake. Akina mama walikuwa na ngoma iliyoitwa lelemama. Walisimama kwa safu, wamevaa sare, wakacheza kwa mwendo wa taratibu unaofanana, huku wakiimba. Waliocheza pamoja walikuwa ni chama. Chama kilikuwa na viongozi wenye vyeo, kilikuwa na michango, na kilikuwa na zamu za kupika. Ukifiwa, chama kinakuja. Ukiozesha, chama kinakuja. Ukijifungua, kuna wa kukukandia maji ya moto na wa kukupikia uji. Katika safu ya lelemama, binti wa muungwana na binti wa aliyekuwa mtumwa waliweza kusimama bega kwa bega, jambo ambalo halikuwa rahisi mahali pengine mjini.

Upande wa beni, ngoma hii ilianza pwani katika miaka ya 1890, watu wa Lamu na Mombasa walipochukua mtindo wa bendi za kijeshi na kuufanya wao. Walipiga baragumu na ngoma kubwa, wakaandamana mitaani kwa mwendo wa askari, mtaa ukishindana na mtaa. Mtu alitoka jasho akitembea na kucheza mji mzima, na kufikia jioni alikuwa amejua kila kichochoro na kila kichochoro kimemjua yeye.

Nisikufiche, mambo hayakuwa mazuri yote. Mashindano yaliwafanya watu watumie pesa nyingi kwa sare na kuchinja ng'ombe, wengine wakaingia madeni. Nyimbo za kejeli ziliwaumiza watu. Waume na mashehe walinung'unika, na serikali ilizishuku beni. Lakini vyama hivyo viliendelea kwa miaka mingi kwa sababu vilimpa mtu kitu ambacho mshahara haukumpa.

Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, viliitawanya beni ndani ya Afrika Mashariki. Askari na wapagazi waliibeba kutoka kambi hadi kambi. Wapagazi hao waliteseka sana. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariokor, Nairobi, umepata jina lake kutoka kwa kikosi chao. Waliosalia walikuja mjini na ngoma zao, na Pumwani, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaa, ikawa na beni na lelemama zake.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akishika jembe si mgeni tena, ni mtu wa nyumba. Mjini hapakuwa na shamba la kumpa jembe. Nadhani kwa akina mama wengi ngoma ndiyo iliyokuwa jembe lao.

MUUZA VYUNGU WA FUMBA

Hebu tuvuke bahari kidogo, tufike Unguja. Siti binti Saad alizaliwa kijiji cha Fumba kama mwaka 1880, katika familia maskini. Alifinyanga vyungu kama mama yake, akavibeba na kutembea kwenda kuviuza, akinadi kwa sauti ambayo watu waliisikia kabla ya kumwona. Mwaka 1911 alihamia mjini. Hakuwa na elimu ya shule wala jina la ukoo mkubwa. Alichokuwa nacho ni miguu iliyozoea mwendo na sauti iliyozoea kupaa.

Mjini alikutana na wanamuziki wa taarab waliomfundisha. Taarab wakati huo ilikuwa ya mabwana wa kasri na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akaimba habari za watu wa Ng'ambo, mtaa wa wanyonge: wanaoonewa mahakamani, wanaopigwa na waume, wanaodhulumiwa na matajiri. Nyumba yake ikawa mahali pa watu kukusanyika usiku. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sahani hizo zikasikika pwani nzima hadi bara. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika maisha yake.

Simtaji Siti ili nikuambie uwe mwimbaji. Namtaja kwa sababu aliingia mji mgeni akiwa na njia mbili tu, kutembea na kuimba, na mji ukampokea kwa njia hizo hizo.

GITAA NA REDIO

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, gitaa lilichukua nafasi. Fundi Konde, mtu wa pwani aliyewatumbuiza askari vitani, akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa Nairobi. Miaka ya 1940 mtaa wa Kaloleni ulijengwa ukiwa na nyumba za familia, nafasi za nyasi katikati na ukumbi wa jamii. Sasa mama na watoto walikuwa na mahali pa kukanyaga. Mchana watoto walicheza kwenye nyasi, na jioni ukumbini palikuwa na mikutano na dansi.

Kisha ikaja hali ya hatari mwaka 1952, na mwezi wa Aprili 1954 msako mkubwa uliowakamata maelfu ya watu wa Nairobi. Akina mama wengi walibaki na watoto bila kujua baba amepelekwa wapi. Huo ulikuwa wakati wa kukaa ndani kwa hofu, na waliouona hawausahau.

Baada ya Uhuru mwaka 1963, Nairobi ikawa mji wa wanamuziki kutoka kila upande. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga na kuanzisha Simba Wanyika hapa mwaka 1971. D.O. Misiani alitoka Shirati, Tanzania, akawa jina kubwa la benga. Samba Mapangala alizaliwa Matadi, Kongo, akafika Nairobi mwaka 1977 kupitia Uganda. Wote hawa walikuwa wageni, tena wageni wa kutoka nchi nyingine. Waliimba kwa lugha ambazo watu wa mji walizielewa, na leo watoto wa Kenya wanaziona nyimbo zao ni za nyumbani. Kwa mama aliyeshinda chumbani akifua nepi, redio yenye nyimbo hizo ilikuwa kama jirani aliyeingia bila kubisha.

NANI ALITULINDIA MAHALI PA KUTEMBEA?

Miguu nayo yahitaji mahali. Bustani ya miti ya Arboretum ilianzishwa mwaka 1907, si kwa ajili ya matembezi, bali kujaribu aina za miti zinazokua haraka, kwa kuwa garimoshi lilihitaji kuni. Bustani ya Uhuru ilifunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 ulitokea mpango wa kujenga humo jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai aliandika barua na kupinga mpaka mpango ukafa, ingawa alitukanwa hadharani kwa ajili hiyo. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa katika kona ya bustani ile ile, wakifunga kula na kuimba, wakidai wana wao waachiliwe.

Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulitengwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Miaka ya 1990 sehemu zake zilianza kugawiwa watu binafsi. Mwezi wa Januari 1999 Profesa Wangari na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda mti huko, naye akaumizwa kichwani. Leo watu hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli ndani ya msitu huo. Unapoona mama akitembea na mwanawe chini ya miti, kumbuka kivuli kile kililipiwa damu.

MWILI UNAPATA NINI?

Sasa tuje kwa afya. Walichofanya wazee wetu kwa kuhitaji tu wenzao, wataalamu wa leo wanatushauri kukifanya kwa sababu nyingine pia.

Mtu mzima ashughulishe mwili kwa kiasi cha wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Hiyo ni nusu saa, siku tano. Hata mama mjamzito na mama aliyejifungua wanashauriwa hivyo, isipokuwa kama daktari au muuguzi amewakataza. Utajuaje ni kiasi cha wastani? Ukiwa unatembea, unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba wimbo mzima bila kukatika pumzi, ongeza mwendo. Kucheza ngoma nako kunahesabiwa.

Mwendo kama huo husaidia kuzuia shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari. Huleta usingizi, na hupunguza huzuni na wasiwasi. Ukiwa na wenzako, faida inaongezeka, kwa sababu upweke nao ni mzigo kwa mwili.

Na mtoto je? Mtoto wa chini ya mwaka mmoja ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho na wewe ukimwangalia, jumla ya nusu saa kwa siku, kidogo kidogo. Wakati wa kulala alale chali. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji kuchangamka jumla ya saa tatu kwa siku, na huwezi kuzipata katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Tena mtoto anayefungiwa ndani siku zote hukosa jua, na bila jua mwili hukosa vitamini D ya kukomaza mifupa. Hapo ndipo matege huweza kuingia, hasa kama chakula nacho ni hafifu. Mtoe nje kila siku. Muziki nao una kazi: unapomwimbia mtoto, anajifunza sauti na maneno ya lugha.

WIKI HII UANZE HIVI

Kwanza, muulize mama mboga au mwenye duka njia gani ni salama na saa gani. Atakuambia, na tayari umepata mtu wa kwanza wa kukujua. Tembea mchana, na uepuke barabara yenye moshi wa matatu.

Pili, tafuta nafasi ya wazi iliyo karibu: uwanja wa shule, ua wa kanisa au msikiti, bustani. Pengine kuna kiingilio, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga safari. Mfunge mtoto vizuri kwa leso, beba maji, nenda.

Tatu, tafuta mahali wanapoimba. Inaweza kuwa kwaya, kikundi cha kasida, chama cha akina mama kinachocheza kwenye harusi, au kikundi cha watu wa kwenu. Lakini usikae na wa kwenu peke yao. Jifunze wimbo mmoja wa jirani ambaye si wa lugha yako. Muziki ukiwa mkubwa mno, mtoto mchanga asikae karibu na spika.

Nne, kumbuka madeni ya lelemama. Kama mchango wa sare unakula pesa za maziwa ya mtoto, sema wazi. Kikundi kizuri kitakusikiliza.

USINGOJE ZAIDI YA HAPA

Matembezi na nyimbo si dawa ya kila kitu. Kama umejifungua karibuni, acha mazoezi uende hospitali mara moja ukiona damu inaongezeka, kichwa kinauma sana, kifua kinauma, unakosa pumzi, unazimia, au mguu mmoja umevimba na kuuma. Kama ulijifungua kwa upasuaji, uliza kliniki kabla ya kuanza chochote kizito.

Na kama huzuni imezidi wiki mbili, huoni raha ya kitu chochote, au unashindwa kumjali mtoto, huo ni ugonjwa unaotibika. Si uvivu, si uchawi, si kukosa shukrani kwa mume. Mweleze muuguzi wa kliniki au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usilale nalo hata usiku mmoja. Mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe mama mwenyeji unayetusikiliza, nina neno kwako pia. Kuna mlango kwenye ploti yenu ambao haujafunguliwa tangu juzi, na ndani kuna mtoto analia. Bisha hodi. Mwambie mnakwenda kutembea jioni.

YA KUKUMBUKA

Tembea nusu saa, siku tano kwa wiki.
Mtoto atoke nje kila siku, apate jua na nafasi ya kucheza.
Tafuta kikundi kimoja cha kuimba au kucheza nacho.
Huzuni ya zaidi ya wiki mbili ipelekwe kliniki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Nani alikuwa mtu wa kwanza kukuita jina ulipofika mjini?
2. Katika mtaa wetu, ni wapi mama na mtoto wanaweza kutembea kwa usalama, na nani anapalinda mahali hapo?
3. Nyanya zetu walicheza ngoma gani walipokuwa wasichana, na nani kati yetu anaweza kutufundisha?

 

(Muziki unapanda.)